Kurekebisha Kilichoharibika: Somo la Ndege Ndogo ya Plastiki

Baridi ya Minnesota ikishapiga hodi, Jumamosi inakuwa ndefu kama safari ya treni ya Kigoma. Wengine hucheza karata, wengine hulala. Sisi wachache hapa Saint Paul tunaunda ndege ndogo za plastiki, mifano ya ndege za kivita. Leo nafundisha jambo moja tu la kazi hiyo: namna ya kurekebisha kilichoharibika. Kuunga vipande kumeelezwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Kuharibika hakukuelezwa, na hapo ndipo watu wanapotupa kazi jalalani.

Mfano wetu ni F-5E Tiger II, ndege ya kampuni ya Northrop ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu ina historia kwetu: Kenya ilianza kuipokea mwaka 1978. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 14.45, kwa hiyo ukiigawa kwa kipimo cha 1:48 unapata kama sentimita 30. Niliinunua kwa dola 3 kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya zamani mbele ya nyumba yake. Ilikuwa imeungwa nusu, na aliyeianza simjui. Karibu kila kosa linalowezekana lilikuwamo, kwa hiyo ikawa mwalimu mzuri.

1. Gundi iliyomwagika na alama za vidole

Gundi ya plastiki haigandishi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, halafu pande zikichanganyika na kukauka zinakuwa kitu kimoja. Ni sawa na kuchomelea chuma. Ndiyo maana tone likidondoka kwenye bawa, usilifute! Ukifuta unaburuta plastiki laini na kidonda kinapanuka. Liache saa 24 au zaidi, liwe gumu kabisa, kisha lisawazishe kwa msasa wa maji: anza na namba 400, nenda 600, malizia 1000.

2. Mstari wa maungio

Mwili wa ndege huja vipande viwili, kushoto na kulia. Vikikutana vibaya panabaki ufa. Jaza kwa puti, lakini puti ya kawaida husinyaa ikikauka, kwa hiyo paka safu mbili nyembamba badala ya moja nene. Njia nyingine ni kuchanganya supagluu na poda ya mtoto. Mchanganyiko huo hausinyai, ila upige msasa ndani ya saa moja hivi. Ukiuacha mpaka kesho utakuwa mgumu kuliko plastiki, na msasa utakula plastiki badala ya puti.

Hapo tuseme asante kwa jirani zetu. Msasa wa maji wanaoutumia mafundi wa bodi za magari kule Gerezani ulianza kuuzwa na 3M ya hapa Saint Paul mwaka 1921. Muda mfupi baadaye kijana wao wa maabara, Richard Drew, alikuwa akipeleka msasa huo gereji kuujaribu. Akawakuta wapaka rangi wakitukana: walitaka gari la rangi mbili, lakini karatasi waliyobandika ilibandua rangi mpya. Mwaka 1925 akatoa tepu ya kufunikia rangi, ile ile tunayoitumia kwenye ndege zetu. Na kampuni yenyewe ilizaliwa na kosa: mwaka 1902 waanzilishi wake waliamini wamepata madini magumu ya kutengenezea vifaa vya kunolea, kumbe jiwe lile halikuwa lenyewe. Ikabidi wabadilishe biashara.

3. Ndege inayokaa kitako

F-5 ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Uzito ukizidi nyuma ya magurudumu makubwa, pua inaangalia mbinguni. Dawa ni hesabu ya momenti. Tuseme ndege ina gramu 30 na kitovu cha uzito kiko sentimita 1 nyuma ya magurudumu: 30 × 1 = 30. Ukiweka uzito sentimita 10 mbele ya magurudumu, unahitaji 30 ÷ 10, yaani gramu 3 ili mizani ilingane. Weka 5 au 6 upate usalama. Ndege yetu ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo tulipitisha chubwi ndogo za kuvulia samaki kwenye tundu la gurudumu la mbele. Chubwi hapa hazikosekani, watu wanavua hata juu ya barafu. Zishikize kwa epoksi, na kama ni za risasi nawa mikono kabla ya kula.

4. Kioo cha rubani chenye ukungu

Ukungu mweupe ni mvuke wa supagluu. Upige msasa laini sana wenye maji, kuanzia namba 2000, kisha sugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba mpaka kioo kirudi. Safari nyingine bandika kioo kwa gundi nyeupe ya mbao, haina mvuke huo.

5. Nembo zinazong'aa kama magamba

Ule mng'ao wa fedha ni hewa iliyonaswa chini ya nembo, kwa sababu rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo vidogo. Toboa kwa sindano, tia dawa ya kulainisha nembo, bonyeza taratibu. Kinga ni kupaka vanishi inayong'aa kwanza, kubandika nembo, halafu kumalizia na vanishi isiyong'aa.

Na kabla ya kubandika, amua mwaka. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Anga la Kenya lilivunjwa, likaendeshwa kwa jina la '82 Air Force hadi mwaka 1994. Tafuta picha yenye tarehe. Rangi ikimwagika utaipaka tena, lakini ukiandika historia isiyo sahihi, kila anayeitazama ndege utakuwa umempotosha.

Puti inapokuwa uongo

Sasa tufike kwenye kiini. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili wa uhandisi alitutazama tukijaza nyufa, akasema: "Kaka, kumbe kazi ni kuziba tu na kupaka rangi!" Wakati huo matokeo yake ya maabara yalikuwa hayalingani na nadharia, na alikuwa akifikiria kuzisogeza namba kidogo. Aliogopa kupoteza ufadhili.

Nilimjibu kwa mfano wa Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Safari ya kwanza ya Mei 1952, kutoka London kwenda Johannesburg, ilipitia Entebbe kwetu. Mwaka 1954 mbili zilipasukia angani na kuua wote waliokuwamo. Wachunguzi wa Uingereza waliingiza mwili wa Comet kwenye tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza shinikizo mara nyingi sana kuigiza safari, mpaka ukapasuka. Chanzo kilikuwa uchovu wa metali: nyufa ndogo zilizoanzia kwenye kona za matundu ya mwili, pale mkazo unapokusanyika. Hakuna puti ya kuponya hilo. Mwili ukasanifiwa upya, na Comet 4 ndiyo East African Airways iliyoanza kuirusha mwaka 1960.

Tofauti ni hiyo, ndugu zangu. Ufa wa ndege ya mezani ni wa macho tu, kwa hiyo ukiuziba kazi imekwisha. Ufa wa ndege inayobeba watu ni habari, na anayeuziba kwa rangi amemnyang'anya fundi anayefuata ile habari ya kuokoa maisha. Namba ya maabara isiyokaa sawa iko upande huo wa pili. Kijana alimpelekea profesa namba zake kama zilivyo. Wakakagua pamoja, wakakuta kipima nguvu hakikuwa kimerekebishwa. Akarudia jaribio, ufadhili ukabaki.

Kwa hiyo shika utaratibu huu, mezani na maabarani: simama usiguse; uliza chanzo; jaribu dawa kwenye kipande chakavu kwanza; rekebisha kidogo kidogo; kagua kwenye mwanga mkali. Na kila mara jiulize, je, hapa narekebisha au naficha?

Anayetaka kujiunga Jumamosi aje na kisu kikali na msasa. Chai ya tangawizi ipo. Haraka haraka haina baraka, hasa gundi ikiwa bado mbichi.