Kilichomo na Kisichomo katika Tiketi: Somo kuhusu Migahawa na Burudani za Meli za Kitalii

Matangazo ya safari za meli za kitalii hayaishii tena katika ofisi za mawakala wa Dar es Salaam na Unguja. Yanafika kwenye simu ya mkulima wa Lisekese, na yanafika pia katika miezi ya minada ya korosho, wakati kila mwenye kitu cha kuuza anajua kwamba Masasi na Newala kuna fedha. Baadhi ya matangazo hayo yanauza safari. Mengine, na hayo ndiyo yanayotia wasiwasi zaidi, yanauza ahadi ya ajira katika migahawa ya meli hizo. Somo hili linahusu yote mawili, kwa sababu yote mawili hutumia picha zilezile: meza zilizopambwa, mabwawa ya kuogelea juu ya sitaha, na neno “bure” lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Ni vyema kwanza kukifahamu chombo chenyewe. Mfano unaojulikana sana ni Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoundwa katika karakana ya Meyer Turku nchini Ufini na kuanza kubeba abiria kutoka Miami, Marekani, mwezi Januari 2024. Ina urefu wa takribani mita 365 na sitaha 20. Ikijaa, hubeba abiria wapatao 7,600, mbali na wafanyakazi zaidi ya 2,300. Wenyewe wameigawa katika sehemu nane wanazoziita mitaa, na kila mtaa una sura yake. Upo mtaa wa familia zenye watoto wadogo, mtaa wa michezo ya kuteleza majini, mtaa wenye bustani ya mimea hai katikati ya meli, na mtaa uliofunikwa kwa kuba la kioo ambamo maonyesho ya wapiga mbizi na wanasarakasi hufanyika. Sehemu za kula na kunywa zinazidi 40. Abiria anaweza kupata kifungua kinywa mahali palipopambwa kama ufukwe na chakula cha jioni mahali palipopambwa kama klabu ya zamani ya New York, bila kutoka chomboni.

Mapambo hayo yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuwatawanya watu: maelfu ya abiria wakiwa na mahali pengi pa kwenda, hakuna ukumbi mmoja unaozidiwa. Ya pili ndiyo inayomhusu mlaji. Kampuni za meli hazitegemei nauli peke yake; sehemu kubwa ya mapato yao hutokana na mauzo yanayofanyika abiria akiwa tayari yumo melini, ambako hakuna duka la jirani wala genge la kulinganishia bei. Kila mtaa wa meli umepangwa ili mtu apite mbele ya vitu vya kununua kabla ya kufika anakokwenda. Hilo si kosa kisheria, na soko lolote lililopangwa vizuri hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba sokoni Masasi mnunuzi anaweza kuondoka.

Bei ya mnada na fedha ya mkononi

Mkulima wa korosho ana elimu ambayo wasafiri wengi wa miji mikubwa hawana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, amezoea kutofautisha bei inayotangazwa mnadani na fedha inayoingia mkononi. Kati ya hizo mbili kuna makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafirishaji. Mkulima mzoefu haulizi bei tu, huuliza, “Makato ni kiasi gani?” Mnunuzi wa safari ya meli anatakiwa kuuliza swali hilohilo kwa upande wa pili. Bei iliyo kwenye tangazo ndiyo bei ya mnada. Atakachokuwa amelipa siku ya kushuka ni jambo jingine.

Kwa kawaida nauli hujumuisha kitanda, chakula katika ukumbi mkuu na sehemu ya kujihudumia, maji ya kawaida na chai, mabwawa, na maonyesho mengi ya jukwaani. Kisichojumuishwa huwa ni migahawa maalumu, yaani ile hasa inayopigwa picha kwa ajili ya tangazo. Mgahawa wa samaki wabichi wa Kijapani, wa nyama za kuchoma za bei kubwa, au ule wenye mpiga piano na mapazia mekundu, mara nyingi hulipiwa kwa kila kichwa. Soda na pombe hulipiwa, au hununuliwa kwa kifurushi cha siku zote za safari. Kampuni kadhaa huweka sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho nao wanunue. Kwa mke na mume ambao mmoja wao hanywi, sharti hilo peke yake linaweza kubadili hesabu nzima. Mtu wa Newala, ambaye tangu utotoni anajua kwamba ndoo ya maji ina bei na bei hiyo hupanda kiangazi, hatashangaa kusikia kwamba hata chupa ya maji melini inaweza kuwa na bei yake.

Kuna pia bakshishi. Katika meli nyingi zinazofuata desturi za Marekani, bakshishi si hiari ya moyo kama mtu anavyomwachia mhudumu chenji mezani. Huandikwa kila siku katika hesabu ya kila abiria, mtoto pamoja na mzee, na nyingine huongezwa juu ya kila kinywaji, mara nyingi asilimia 18. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu: dola 18 kwa mtu kwa siku, familia ya watu wanne, siku saba. Kumi na nane mara nne ni 72, na 72 mara saba ni 504. Hizo ni dola 504 ambazo hazikuwamo kwenye tangazo, kabla familia haijanywa soda hata moja. Ongeza hapo nauli ya ndege hadi bandari ya kuondokea na ada za viza za nchi ambazo meli itapita, na msomaji ataona kwa nini “ofa” inayolingana na mavuno ya msimu mmoja inaweza kumaliza ya misimu mitatu.

Malipo ndani ya meli hayafanywi kwa fedha taslimu. Abiria hupewa kadi au bangili iliyounganishwa na kadi yake ya benki, na kila anachogusisha huandikwa. Njia hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio hatari yake: mtoto anaweza kutumia kadi katika chumba cha michezo ya kompyuta mchana kutwa mzazi asijue. Meli nyingi huruhusu kuwekwa kikomo kwenye kadi ya mtoto iwapo mzazi ataomba. Aombe siku ya kwanza. Simu nayo ikifika bahari kuu inaweza kujiunga na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, ambao hutozwa kwa viwango vya kimataifa. Izimwe data au iwekwe katika hali ya ndege.

Nani atasikiliza lalamiko

Neno “bure” katika nchi yetu lina heshima yake. Ngoma ya sindimba ikipigwa, mtazamaji halipi kiingilio. Na mgeni aliyealikwa kwenye sherehe ya jando haulizwi fedha ya ugali. Mfanyabiashara anayelitumia neno hilo anajua uzito wake masikioni mwetu. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, pamoja na maelezo ya uongo kuhusu huduma na bei yake. Kwa hiyo wakala aliyeko Tanzania aliyeuza “kila kitu bure”, kisha mteja akakuta nusu ya vitu vinalipiwa, anaweza kushtakiwa mbele ya Tume ya Ushindani (FCC). Ili lalamiko hilo liwe na nguvu, mlaji awe na risiti, nakala ya tangazo, na ujumbe wote alioandikiana na wakala. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo kibarazani ni ngumu kuithibitisha.

Ugumu huongezeka lalamiko linapokuwa dhidi ya kampuni ya meli yenyewe. Meli nyingi kubwa za kitalii zimesajiliwa katika nchi kama Bahamas, na mkataba wa tiketi huchagua mahakama itakayosikiliza shauri. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua shauri la Carnival Cruise Lines dhidi ya abiria wawili wa jimbo la Washington. Mmoja wao aliumia melini, wakashtaki karibu na kwao. Mahakama ikasema tiketi yao ilielekeza mashauri yote Florida, upande wa pili wa nchi, na kwamba sharti hilo lilikuwa halali ingawa lilichapwa kwa maandishi madogo. Ikiwa raia wa Marekani alifungwa na maandishi madogo ya tiketi, msafiri kutoka Masasi hana sababu ya kutarajia kuhurumiwa zaidi. Asome masharti kabla ya kulipa, na asipoelewa lugha ya mkataba atafute wa kumsomea.

Onyesho moja la melini halina malipo kabisa, nalo ndilo abiria wengi hulikwepa: zoezi la kujiokoa. Baada ya meli Costa Concordia kupinduka pwani ya Italia tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 kufa, kanuni za kimataifa zilirekebishwa ili zoezi hilo lifanyike kabla ya meli kung’oa nanga au mara tu inapoondoka. Abiria aoneshwe boya lake na mahali pa kukusanyika. Sisi tuliopoteza ndugu katika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kazi ya mhudumu wa meza

Sasa tugeukie tangazo la aina ya pili. Meli yenye sehemu 40 za kula inahitaji wapishi, wahudumu, waosha vyombo na wasafishaji kwa mamia, na ni kweli kwamba vijana wa Afrika Mashariki huajiriwa humo. Ukweli huo ndio chambo. Ujumbe huja ukisema kwamba meli mpya inatafuta wahudumu, mshahara kwa dola, elimu ya kidato cha nne inatosha, nafasi zimebaki chache. Mwombaji atume fedha ya fomu, kisha ya vipimo, kisha ya viza, kisha ya “kuharakisha”. Kila malipo ni madogo kuliko hasara ya kuacha yale yaliyotangulia, na hivyo kijana huendelea kulipa. Wazazi huuza magunia, au huweka rehani mikorosho ambayo ingewalisha kwa miaka mingi.

Kipo kipimo kinachotosha kuzitambua nyingi kati ya njama hizi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Na mhudumu wa mgahawa wa meli ni baharia kwa maana ya mkataba huo. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo anayeomba fedha ya viza, au ya “kuhifadhi nafasi”, amejitambulisha mwenyewe.

Kijana mwenye nia ya kweli anayo njia. Vyeti vya mabaharia upande wa Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na mafunzo ya msingi ya usalama baharini hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Uhalali wa wakala wa ajira unaweza kuulizwa kwa mamlaka ya serikali inayosimamia huduma za ajira. Ujumbe wa kitapeli uliokwisha kufika kwenye simu hutumwa kwa namba 15040, na aliyekwisha kulipa aende polisi mapema akiwa na kumbukumbu za muamala. Asiufute ujumbe kwa aibu, maana ndio ushahidi.

Zoezi

Soma tangazo hili lililotungwa kwa ajili ya somo, peke yako au pamoja na wenzako katika mkutano wa chama cha msingi:

“Safari ya siku saba katika meli ya kifahari! Migahawa 20, burudani usiku kucha, chakula BURE. Kuanzia dola 699 tu. Lipia nusu leo kwa namba ya simu hapa chini. Vijana 50 watakaowahi watapata pia nafasi za kazi melini.”

Andika maswali yote ambayo ungemuuliza mtangazaji kabla ya kumpa shilingi moja. Je, dola 699 ni kwa mtu au kwa chumba? Kati ya migahawa 20, mingapi imo katika bei hiyo? Meli inaondokea bandari gani, na nani anayelipia njia ya kufika huko? Fedha inaingia katika akaunti ya kampuni au simu ya mtu? Mwisho, tazama sentensi ya mwisho ya tangazo na ueleze kwa nini hiyo peke yake ingetosha kukufanya uirudishe simu mfukoni.