Gari Likinywa Mafuta, Pima Kwanza Sensa ya Joto

Toyota IST au Noah ikianza kunywa petroli na kutoa moshi mweusi, mafundi wengi hukimbilia nozeli. Nakushauri uanze na sensa ya joto la maji, ile ndogo ya nyaya mbili iliyofungwa kwenye silinda hedi au karibu na bomba la kwenda kwenye rejeta.

Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo kontrol boksi huongeza mafuta. Sensa ikikwama kwenye ubaridi, utatoka Usevya mpaka Sitalike, huku kwetu Katavi, mafuta bado yanamwagwa: plagi zinajaa masizi na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ikikwama kwenye joto, asubuhi za Juni na Julai gari litasumbua kuwaka. Nguvu nazo hupungua, maana kontrol boksi huchelewesha moto wa plagi ili injini isigonge. Hatari kubwa zaidi ni sensa kusema baridi wakati injini inachemka. Kwenye magari mengi ndiyo inayoamuru feni, na ukipandisha kuelekea Kizi bila feni unaweza kuunguza gasketi.

Kipimo ni rahisi. Gari likiwa limelala usiku kucha, chomoa soketi, weka mita kwenye omu. Sensa nyingi za Toyota husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Asubuhi za Usevya mara nyingi huwa na joto kuzidi nyuzi 20, kwa hiyo 1,800 isikutishe. Ukiwa na shaka, ifungue, tumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji iliyo jikoni: namba ishuke taratibu, isiruke. Kagua pia pini za soketi. Kutu ya kijani hupotosha kipimo.

Sensa ikiwa nzima na mafuta bado yanaliwa, uliza kama themostati ipo. Huku bondeni wengi huing'oa wakiogopa injini kuchemka. Injini isipofikia joto lake, sensa inasema kweli kwamba ni baridi, na mafuta yanaongezwa. Rudisha themostati, utie na kulanti badala ya maji ya kisima.

Fundi akitaka kuunga rizista kwenye waya wa sensa ili kuidanganya kontrol boksi, mkatalie. Udanganyifu huo unaweza kukusimamisha njiani, na barabara ya Mpanda inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwenye mbung'o na simba. Si mahali pa kushuka na kufungua boneti.