SOMO LA WIKI: Mpingo wa Kilwa na biashara ya kudumu

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, lakini mnunuzi wa magogo hupiga hesabu za msimu mmoja. Tofauti hiyo iliathiri vibaya biashara ya mbao kusini mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo yalipata njia rahisi kwenda Dar es Salaam na uvunaji ukapanda kasi. Utafiti wa TRAFFIC wa mwaka 2007 ulibaini kuwa, katika ngazi ya wilaya, hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Wanavijiji waliambulia fedha kidogo mno, hivyo hawakuwa na sababu ya kumzuia mkataji.

Baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilwa vilibadili mwelekeo kwa hatua tatu:

1. Umiliki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Uamuzi wa kutenga ulipitia mkutano mkuu wa kijiji.

2. Hesabu. Miti ilihesabiwa na kupimwa kwanza, ndipo kiwango cha kuvuna kikawekwa. Kamati ya maliasili ya kijiji ilikabidhiwa doria.

3. Soko. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa ipasavyo. Walengwa walikuwa watengenezaji wa ala za muziki kama klarineti, ambao wateja wao huuliza mbao zimetoka wapi.

Hata hivyo, cheti peke yake hakiuzi gogo. Ukaguzi wake una gharama, na watengenezaji wa ala hukataa mpingo uliopinda au wenye nyufa. Mauzo yakichelewa, fedha za doria hukauka na wakataji hurudi msituni. Kiongozi anayehimiza uhifadhi bila kutafuta mnunuzi anawabebesha wanakijiji mzigo wasioweza kuumudu.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria mbao, maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha ni haya: Msitu ni wa nani? Mpango wa uvunaji unaruhusu miti mingapi? Je, gogo limegongwa nyundo, lina leseni na hati ya kusafirishia? Kwa mpingo unaouzwa nje upo pia ulazima wa kibali cha CITES, ulioanza Januari 2, 2017.

Gogo la bei poa lisilo na karatasi likikamatwa barabarani, mtaji wote hupotea. Rahisi huwa ghali.