Mfupa Ndani ya Tarakilishi



Mwaka jana nyanya yangu, yaani ayeeyo, aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Mzee anayeunga mifupa hapa Habaswein alimpapasa huku amefumba macho, kisha akasema, "Hii si yangu. Mpelekeni Nairobi." Tukapita Modogashe na Garissa, ayeeyo amelala kiti cha nyuma cha basi. Huko daktari alituonyesha ajabu: nyonga ya ayeeyo ikizunguka kwenye kioo cha tarakilishi, na mwenyewe yuko kitandani!

Inakuwaje? Mashine ya CT, iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield na kumpima mgonjwa wa kwanza London mwaka wa 1971, hupiga picha za mwili kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa slesi. Tarakilishi hupanga slesi hizo, umbo zima la mfupa likatokea. Hapo daktari hupima. Kichwa cha mfupa wa paja kina upana gani? Shingo yake imeinama digrii ngapi? (Kwa watu wazima wengi ni karibu 125 hadi 130.) Halafu huchagua nyonga ya chuma na kuijaribu kwenye kioo kabla ya kushika kisu. Akikosea, mguu mmoja hutoka mfupi. Na kufuata ngamia kwa mguu mfupi si mchezo!

Lakini mfupa uliovunjika umepoteza umbo lake. Basi tarakilishi huazima umbo la nyonga nzima ya upande wa pili, ikaligeuza. Na kama zote mbili zimeharibika? Katika miaka ya 1990, Tim Cootes na Chris Taylor wa Chuo Kikuu cha Manchester waliifundisha tarakilishi maumbo kwa mifano mingi, ijue umbo la wastani na jinsi linavyobadilika, kisha ikisie. Ni kama mama zetu wajengao aqal: waonyeshe fito tatu zilizopindwa, watakwambia paa litaishia wapi, kwa kuwa wamejenga nyingi.

Hapo ndipo wasiwasi wangu. Ikiwa mifupa yote iliyoifundisha ni ya Ulaya, itakisia mfupa wa Ulaya. Nikamwuliza daktari, "Humo ndani mna mifupa ya watu wa Wajir?" Akacheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Ndiyo maana nimepima wa nyanya yako mwenyewe."

Ayeeyo sasa anatembea kwa mkongojo. Yule mzee humwuliza kila asubuhi kama chuma kimeshika kutu.