Petro Katika Ungo

Mwanamke aketipo uani kupepeta mpunga alioutwanga, huurusha juu kwa ungo, tena na tena. Makapi, kwa kuwa ni mepesi, hupeperuka yakaenda zake; punje, kwa kuwa zina uzito, hurudi unguni. Kinuni vyote vilikuwa vimechanganyika. Ungo ndio uliovitenga.

Bwana Yesu alilitumia neno hili la kupepeta usiku wa mwisho kabla ya kufa kwake. Habari yenyewe imo katika Injili ya Luka, sura ya 22. Alikuwa katika chumba cha juu mjini Yerusalemu, akila Pasaka pamoja na mitume wake. Akamgeukia Petro, akamwita mara mbili kwa jina lake la zamani, Simoni. Hapo hakumwita Petro, yaani Mwamba, maana usiku ule ulikuwa karibu kuonyesha udhaifu wake. Akamwambia ya kuwa Shetani ametaka kuwapepeta mitume kama ngano. Lakini Yeye amemwombea Petro, imani yake isikome. Tena akamwagiza kwamba, akiisha kurejea, awatie nguvu ndugu zake.

Maneno hayo yafaa kusomwa polepole. Aliposema juu ya Shetani, Bwana alisema kwa wingi, maana wote watapepetwa. Aliposema juu ya maombi, alisema kwa umoja, maana alimwombea Petro kwa nafsi yake, kama amjuaye. Tena hakuomba kwamba ungo uondolewe. Aliomba kwamba imani isikome.

Petro hakuona haja ya kuombewa. Akajibu ya kuwa yu tayari kwenda pamoja na Bwana wake gerezani, hata kufa. Hakuwa mnafiki, alisema hivyo kwa sababu alimpenda. Kosa lake lilikuwa kuutegemea moyo wake mwenyewe. Ndipo Bwana akamwambia ya kuwa jogoo hatawika kabla hajamkana mara tatu.

Walipofika bustani ya Gethsemane, Yesu akawaagiza wakeshe na kuomba. Yeye akaomba, Petro akalala usingizi. Watu wenye silaha walipokuja kumkamata Bwana, Petro akachomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu. Alidhani huo ndio uthabiti. Lakini saa chache baadaye, yeye ambaye hakuogopa kundi zima aliogopa sauti ya kijakazi mmoja.

Maana Yesu alipelekwa nyumbani kwa Kuhani Mkuu, na Petro akafuata kwa mbali. Usiku ulikuwa wa baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa uani, naye akaja kuota moto pamoja nao. Kijakazi akamtazama, akasema ya kuwa huyu naye alikuwa pamoja na Yesu. Petro akakana. Kitambo kidogo mtu mwingine akasema vivyo hivyo, akakana tena. Yapata saa moja baadaye, wa tatu akamthibitisha kwamba ni Mgalilaya. Petro akakana mara ya tatu, na kabla hajamaliza kusema, jogoo akawika. Bwana akageuka, akamtazama. Petro akalikumbuka neno aliloambiwa, akatoka nje, akalia sana.

Hapo mwanafunzi aweza kuuliza: Je! Maombi ya Bwana yalikuwa bure? La, hayakuwa bure. Kilichokoma usiku ule ni ushujaa wa Petro na majivuno yake. Hayo ndiyo makapi. Imani yake haikukoma. Kama ingalikufa, asingalilia. Mtu aliyekwisha kumtupa Bwana wake hatoki nje kumlilia. Petro alirushwa juu kama makapi yarushwavyo, lakini akarudi unguni, kwa sababu kabla hajaanguka alikuwa amekwisha kuombewa.

Baada ya kufufuka kwake Bwana alimkuta Petro kando ya bahari ya Tiberia. Pwani palikuwa tena na moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Kando ya moto wa kwanza Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Hapo aliulizwa mara tatu kama anampenda. Safari hii hakujivuna. Alijibu tu ya kuwa Bwana mwenyewe ajua. Basi akapewa kazi ya kuwachunga kondoo wake. Siku ya Pentekoste Petro yule aliyeogopa kijakazi alisimama mbele ya makutano ya Yerusalemu akamhubiri Yesu wazi, na siku ile watu wapatao 3,000 wakaongezeka.

Hata baadaye mfalme Herode akamtia gerezani, akamweka chini ya ulinzi wa vikosi vinne vya askari wanne wanne, akikusudia kumtoa mbele ya watu baada ya Pasaka. Kanisa likamwombea kwa juhudi. Usiku ule Petro alilala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili. Huko Gethsemane alilala kwa sababu hakujua hatari. Humo gerezani alilala ingawa aliijua vema. Usingizi wa kwanza ulikuwa wa udhaifu, usingizi wa pili ulikuwa wa amani ya mtu ajuaye kwamba yupo amshikaye.

Ungo wa Shetani haukuwekwa chini siku za mitume zilipokwisha. Hata katika nchi zetu za Afrika umepepetwa. Katika Buganda, tarehe 31 Januari 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana watatu waliofundishwa katika misheni ya akina Mackay na Ashe waliuawa kwa moto mahali paitwapo Busega, karibu na Natete. Majina yao ni Marko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Yusufu alikuwa mtoto bado. Walidhihakiwa kwa ajili ya imani yao, na walimu wao hawakuweza kuwaokoa, ingawa walijaribu. Hakuna malaika aliyewafungulia mlango kama alivyofunguliwa Petro. Lakini imani yao haikukoma. Yasimuliwa ya kuwa waliimba sifa za Mungu katika mateso yao. Wala wasomaji katika Buganda hawakutawanyika kwa hofu, bali wengine walizidi kuja kuutaka ubatizo. Hivyo twajifunza ya kuwa Mungu huweza kumtoa mtu katika moto, na huweza pia kumshika mtu ndani ya moto. Njia zote mbili ni zake.

Waraka kwa Waebrania wafundisha ya kuwa Kristo yu hai sikuzote ili awaombee wamjiao Mungu kwa Yeye. Na Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi ya kuwa Roho naye hutuombea, hata pale tusipojua kuomba itupasavyo. Basi Mkristo hasimami kwa nguvu za miguu yake. Asimama kwa sababu anashikwa.

Lakini mtu asiseme moyoni, "Kwa kuwa naombewa, mimi nilale." Bwana aliyemwombea Petro ndiye aliyemwambia akeshe na kuomba. Mtoto avukaye mto hushikwa mkono na baba yake, naye hutembea kwa miguu yake. Mwanafunzi atakapochekwa bwenini kwa sababu anapiga magoti, au atakaposhawishiwa kusema uongo ili apendwe na wenzake, huo ndio moto wa makaa wa siku yake. Kabla hajajibu, na aombe. Na akiwa ameanguka, asijifiche kana kwamba yote yamekwisha. Na arudi upesi kwa Yeye aliyemwombea kabla hajaanguka.

Tena akiisha kusimama, asimcheke mwenzake aangukaye. Petro aliagizwa awatie nguvu ndugu zake, na mtu aliyepita katika ungo ajua jinsi ya kuwaombea waliomo bado.

MASWALI

1. Ungo huonyesha nini juu ya mpunga uliotwangwa?
2. Bwana Yesu aliomba nini kwa ajili ya Petro? Ni neno gani ambalo hakuliomba?
3. Kwa nini twasema ya kuwa imani ya Petro haikukoma, ingawa alimkana Bwana mara tatu?
4. Linganisha usingizi wa Petro huko Gethsemane na usingizi wake gerezani.
5. Petro alitoka gerezani, lakini vijana wa Busega hawakuokolewa na moto. Je! Mungu aliwaacha? Eleza.
6. Mtaje kwa siri, katika maombi yako ya leo, mwenzako mmoja aliye katika ungo.