Ndugu Aliyetoweka na Jirani Asemaye Kweli: Tazamo Kuhusu Riwaya ya Upelelezi

Aghalabu riwaya ya upelelezi hutajwa kwa haraka katika kumbi zetu za mihadhara, ikatiwa katika kapu la fasihi pendwa, na mjadala ukafungwa. Nilipowasilisha wazo la utafiti wangu, mhadhiri mmoja aliniuliza iwapo nilikusudia kuhakiki fasihi au kujiburudisha. Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuitazame Psycho, riwaya ya Robert Bloch iliyochapishwa Marekani mwaka 1959 na kufanywa filamu na Alfred Hitchcock mwaka uliofuata. Mwanamke anaiba dola 40,000 kazini, anatoroka, analala katika hoteli ndogo ya kando ya barabara, na haonekani tena. Mpelelezi wa kukodiwa anazitafuta fedha. Lila, akiandamana na mchumba wa aliyetoweka, anamtafuta nduguye. Tofauti hiyo ndiyo roho ya kisa. Wenyeji wanamfahamu mwenye hoteli, na wanajua kuwa mamake alikufa akazikwa miaka mingi iliyopita. Hawasemi uongo; mama huyo alikufa kweli. (Msomaji asiyependa kufichuliwa siri aniwie radhi.) Mkuu wa polisi wa eneo hilo anakwenda, anaangalia, anarudi ameridhika. Lila hana cheo wala kibali, ila haridhiki, na ndiye anayeingia ndani ya nyumba ile.

Basi siri haikufichwa na kufuli. Ilifichwa na maelezo ambayo majirani walikwisha kuyakubali.

Muhammed Said Abdulla alilitambua jambo hili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, maiti inapatikana penye mzimu, na jina la mahali lenyewe linatosha kuwapa watu maelezo. Bwana Msa, na kiko chake, anaanzia pale wengine walipokomea. Wahakiki wamezoea kumlinganisha na Sherlock Holmes. Mimi naona ulinganishi huo umechosha, maana unatusahaulisha kutazama lugha.

Na kwa upande wa lugha, Kiswahili kina hazina kwa mtunzi wa taharuki. Kiambishi a- hakibainishi jinsia. Tukisoma "alisimama dirishani akachungulia", hatujui kama ni mume au mke, na msimulizi hajatudanganya. Mtunzi wa Kiingereza hulazimika kuchagua kiwakilishi au kukikwepa, na kukwepa huko huonekana. Neno ndugu nalo, kwa maana yake pana, linamfaa kaka, dada, hata binamu.

Chukua mfano huu nilioubuni. Kijana mgeni anabisha hodi kwa jirani wa nduguye, mtaani asikojulikana.

"Shikamoo mzee. Namtafuta ndugu yangu, alikuwa akiishi chumba cha pili hapo. Hajaonekana tangu Jumamosi."

"Marahaba, mwanangu. Hapo sisi tunaona mlango umefungwa tu. Hatujui hata anayekaa humo ni nani. Msichana wa watu, pengine amesafiri."

Mzee amejibu kwa upole, na huenda kweli binti amesafiri. Lakini kijana hakusema kuwa anamtafuta msichana.