Akaunti Dubai bila kibali cha ukaazi

SWALI: Nina duka la vitambaa Kariakoo na huenda Dubai kununua mzigo. Naweza kufungua akaunti kule bila kuwa mkaazi?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, ila kwa kawaida utapewa akaunti ya akiba tu. Akaunti ya hundi mara nyingi huhitaji Emirates ID, yaani kitambulisho cha Falme za Kiarabu, na hicho hutolewa kwa mkaazi. Benki nyingi pia hudai salio la chini kubwa, na likipungua utakatwa ada kila mwezi. Uliza kiwango hicho kabla ya kusaini chochote.

Kazi kubwa ni kueleza fedha zako zimetoka wapi. Tanzania iliwekwa katika orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022 na kuondolewa Juni 2025. Falme za Kiarabu nazo zilikuwemo tangu Machi 2022 hadi Februari 2024, kwa hiyo mabenki ya huko huchunguza sana. Beba pasipoti, taarifa za benki za miezi sita, leseni ya biashara, cheti cha TIN na ankara za wauzaji wako. Tafadhali usimpe dalali fedha taslimu akuwekee kwa jina lake; hapo itakuwa vigumu kudai haki yako juu ya fedha hizo.

Kabla ya safari, iulize benki yako masharti ya Benki Kuu ya Tanzania kuhusu akaunti za nje. Kwa maoni yangu, kama shida ni malipo tu, akaunti ya dola hapa nyumbani inatosha, kwa sababu dirham, sarafu ya huko, imefungwa kwa dola: tangu 1997 dola moja ni dirham 3.6725.